Kwa Mama Thuraya, Kuhusu Yule Mfalme Wetu wa Kijapani

Mama Thuraya, mke wangu,

Nimekaa kwenye chumba chako cha vitabu, upande wa dirishani, na kiyoyozi nimekizima kwa sababu kinanguruma na mimi nataka kukusikia. Najua utanicheka. Aliyetangulia mbele ya haki hasikiki kwa kuzimwa kiyoyozi. Lakini wewe mwenyewe ulikuwa ukisema mimi ni mwepesi wa kuamini, basi niachie na hili.

Mwanao Thuraya anataka barua hii iwe wazi, isomwe na watu. Anasema wapo kina baba wengi wa aina yangu na huenda ikawafaa. Mimi nilitaka ibaki kati yetu. Tukabishana kidogo, nikakubali, kama unavyonijua.

Nataka tuzungumze habari za yule mfalme.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitoka Sib asubuhi na mapema, kabla magari hayajabanana karibu na uwanja wa ndege? Mimi nakwenda wizarani Maskati, wewe unakwenda chuoni kwako, na chupa ya chai umeipakata. Siku ambazo hukuwa na darasa la asubuhi ulinisindikiza mpaka mwisho, ati hadithi isikatike njiani, kisha ukaligeuza gari ukarudi peke yako. Wenzangu ofisini walidhani ni wivu. Niliwaacha wadhani hivyo, maana ilinipa sifa.

Ulikuwa ukisomesha fasihi za dunia, na katika dunia yote hiyo moyo wako ulitua Japani, tena Japani ya zamani sana, kwenye hadithi za ikulu zao. Ulinisimulia kwa Kiswahili cha kwenu Unguja, na mimi mtu wa Tabora nikawa nauliza maana ya neno hili na lile mpaka unachoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba yule mfalme wako hakuwa mmoja. Ulichukua wafalme wa hadithi mbalimbali, wote dhaifu, ukawashona wakawa mtu mmoja, na ukamwita Mfalme Wetu. Thuraya, akiwa kiti cha nyuma na begi lake la shule, alikua akiamini kuwa ni jamaa yetu wa Nizwa ambaye hatujawahi kumtembelea.

Mfalme Wetu aliwekwa kwenye kiti angali mtoto, na aliyemweka ni babu yake mzaa mama. Babu ndiye aliyetawala. Mfalme yeye alikaa nyuma ya pazia la mianzi, amevaa nguo juu ya nguo, kila moja na rangi yake. Uliniambia watu wa ikulu ile walikuwa wakishindana kwa mafusho, kila bibi na mchanganyiko wake wa siri, na ukasema wangeweza kabisa kuwa shangazi zako. Mtu akikasirika anatuma shairi, akipenda anatuma shairi, kama nyinyi mnavyosemezana kwa kanga. Nikauliza, na serikali anaiendesha nani? Ukasema, babu, kila siku babu.

Halafu Mfalme Wetu akampenda mwanamke mmoja mpole, asiye na baba wala kaka wa kumsemea pale ikuluni. Wake wengine walikuwa na watu wao. Babu akaamuru yule mpole ahamishwe chumba, kisha ahamishwe tena, kila mara mbali zaidi na mfalme, mpaka akawa anaishi karibu na mabanda ya farasi. Mfalme alijua yote. Alilia mpaka mikono ya nguo zake ikalowa, na akaandika shairi zuri sana kuhusu mwezi.

Mimi nilimpenda mtu yule tangu siku ya kwanza. Nilimtetea. Nilikwambia, atafanya nini maskini, babu ni babu, na kijana wa watu ana moyo laini. Nilisema kulia kwake kunaonyesha kuwa anapenda kweli. Wewe ukaiweka chupa ya chai miguuni, ukanigeukia.

"Kulia si udhaifu, Baba Thuraya. Hata mie nnalia. Udhaifu wake ni kuwa watu wakikaa kuamua, yeye hutoka chumbani."

Nilinyamaza mpaka tukapita Matrah. Nadhani ulijua kwa nini, maana na wewe ulinyamaza, na ulipokuja kusema tena ulizungumzia bei ya samaki.

Katika kutoka chumbani hakuna aliyenishinda. Ndugu wakianza kubishana pale sebuleni, nani achinje, nani alale wapi, nani hakualikwa harusi ya nani, mimi hukumbuka ghafla kuwa gari halijaangaliwa maji. Natoka, nafungua boneti, nasimama pale kwenye joto nikiangalia injini mpaka sauti zipungue. Ulikuwa ukiwaambia wageni kwamba Sib nzima hakuna gari lililoshiba maji kama letu. Geti letu ni la kijani kwa sababu jirani alibakiwa na rangi. Makochi yetu ni ya chaguo la dada yangu. Nikirudi ndani, unaniinamia kwa adabu ya mchezo na kuniita Mtukufu, na mkono wako unakuja kukaa begani mwangu. Haikuniuma hata mara moja. Nilikuwa naipenda dhihaka ile kuliko sifa za watu wengine.

Anayeamua mabishano yale yote ni Kaka Nassor. Si mtu mbaya, na hili naliandika ili asomaye asimuonee kaka yangu. Tulipokuja huku Omani kutoka Tabora, baba hakukaa sana akafariki, na Kaka ndiye aliyeacha shule akashika kazi ili mimi nisome. Kila nilichonacho kina jasho lake. Tangu wakati ule neno lake limekuwa neno la ukoo mzima. Mabinti wetu wote wameozeshwa kwa ulimi wake: baba wa binti anampa uwakala, na Kaka ndiye anayekaa mbele ya sheikhe na kutamka. Ndivyo tulivyozoea. Kwa miaka yote hiyo haikuwahi kumletea mtu shida, au kama ilimletea, hakusema.

Ulipolazwa mara ya mwisho, nilikuomba unimalizie habari za Mfalme Wetu, kwa sababu ulikuwa hujawahi kunifikisha mwisho wake. Nilidhani itakuchangamsha. Ukaniambia kuwa mwisho wake alinyoa kichwa, akaacha ufalme, akaenda kuwa mtawa milimani. Ukasema waandishi wa zama zile waliona uzuri katika jambo hilo, mtu kuiacha dunia na tamaa zake. Wewe hukuuona. Ulikasirika kweli, na mpira wa dripu mkononi, hata muuguzi akachungulia.

"Kaenda kuiokoa roho yake," ulisema. "Na yule mwanamke kamwachia nani?"

Nikasema pengine alikuwa amechoka tu. Ukafumba macho. Nilidhani umelala, kumbe ulikuwa unafikiri, maana baada ya muda ulisema kuwa unampenda hata hivyo, kwamba mtu hasimulii habari za mtu asiyempenda kwa miaka yote ile. Sikukuuliza unamsema nani. Nilikushika mkono nikakaa.

Watu walikuja kuniuliza umeniachia wasia gani. Hukuniachia wowote. Uliniuliza kama nimekula, ukataka mto uinuliwe kidogo, na asubuhi ukawa umekwenda. Nimekwisha kulia sana juu ya hilo na sioni haya kukwambia.

Sasa nije kwa Thuraya.

Gari lako sikuliuza. Mwanao ndiye analiendesha, na lilipoanza kusumbua alilipeleka gereji moja huko Ghala. Mwenye gereji ni kijana anaitwa Yahya. Sitaki kukuchosha na jinsi walivyozoeana. Nitasema tu kwamba gari lile lilipata matengenezo mengi kuliko lilivyohitaji. Mwisho alinieleza mwenyewe, tukiwa tunaosha vyombo, na mgongo amenipa ili nisimuone uso. Nikaomba kumuona kijana. Anasali, ana adabu, na mwanao anapozungumza yeye humsikiliza mpaka amalize, jambo ambalo kwetu si la kawaida. Nilifurahi, mke wangu. Nilifurahi mpaka nikatamani kukupigia simu.

Siku chache baadaye Kaka akanipigia yeye. Alisema amesikia kuna posa inakuja, basi nimwachie. Nami nikajibu, haya Kaka, wewe ndiye mkubwa. Nilijibu kama mtu anavyojibu alhamdulillahi akiulizwa hali, bila kufikiri. Tukaulizana afya, nikakata simu, nikaendelea kumwagilia maua yako.

Unajua maneno yale kwetu ni nini. Si adabu tu. Ni uwakala. Nilikuwa nimempa mtu ulimi wa kumsemea binti yangu, na sikumuuliza atasema nini.

Aliyenifungua macho ni shemeji yangu, Bi Zuwena, mke wa Kaka. Alikuja na sahani ya mkate wa kumimina, akakaa, akazunguka maneno, mwisho akasema ni vizuri nijue kuwa jawabu litakuwa hapana. Watu wa Yahya hawana jina la kabila la Kiarabu la kuweka mbele ya watu. Kaka anaona hawalingani nasi kwa asili. Ameshawaita waje kwake Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na atawajibu kwa heshima, ila atawajibu.

Nilishindwa kuumaliza mkate. Bibi yetu mzaa baba, Mola amrehemu, alikuwa Mnyamwezi, na Kaka analijua hilo kunishinda mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyebebwa mgongoni mwake. Sijui mtu anaweza vipi kumpenda bibi yake vile na kumkataa mjukuu wa bibi wa mwingine. Lakini ndivyo watu tulivyo.

Nilimwambia Thuraya jioni ile ile. Nilitegemea atanipigia kelele, na nadhani ningeona nafuu. Hakupiga. Aliuliza kama nimempa ami yake uwakala kwa kumaanisha au kwa mazoea. Nikasema kwa mazoea. Akawa anakunjua na kukunja ncha ya mtandio wake kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

"Baba, sikuombi ugombane na ami. Nnakuomba uwepo," alisema.

Nikamwambia bila shaka nitakuwepo, ni posa yako. Akanitazama. Nikaelewa kuwa kuwepo anakokutaka yeye si kule kwa kuhesabiwa kwenye viti.

Ijumaa ikafika. Majlisi ya Kaka unaijua, mito imepangwa ukutani pande zote, na udi umefukizwa mpaka macho yanawasha. Walikuja baba mdogo wa Yahya na mzee mmoja mnyamavu, babu yake mzaa mama, wote kanzu zimepigwa pasi vizuri kuliko zetu. Ikaletwa halwa, ikaletwa kahawa. Yakasemwa yale maneno mazuri ya mwanzo. Baba mdogo akaeleza walichojia, kwa adabu, bila kujipamba. Kaka akamshukuru. Akamsifu kijana, akasifu wazazi wake. Nikaona anavyolizunguka jambo kama mtu anayetafuta pa kuegesha gari, na nikajua linakuja.

Akasema, "Ila binti yetu keshasemewa."

Ndivyo tunavyokataa sisi. Hatumwambii mtu kuwa hatumtaki. Tunamwambia binti ameshaahidiwa jamaa, na mgeni anaondoka na heshima yake, hata kama kila mmoja anajua. Wao walijua. Yule mzee alikitikisa kikombe chake cha kahawa kuonyesha inatosha, akakiweka chini polepole. Baba mdogo akaanza kusema kuwa yote ni kheri.

Nitakwambia wewe kilichonipata, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Miguu yangu ilianza kusimama. Sikuiambia. Ilikuwa inakwenda nje, kwenye gari, kuangalia maji, na gari lenyewe halikuwepo, nilikuwa nimekuja na teksi. Nilikuwa tayari nimeinuka nusu, mkono mmoja kwenye mto. Na palepale nikaona habari yote itakavyokwenda: wageni wataondoka, Thuraya ataambiwa kwa upole, mimi nitalia, nitaandika kitu kizuri kuhusu mama yake, na binti yangu atahamishwa chumba.

Nikakaa tena.

"Hajasemewa," nilisema.

Kaka hakunielewa mara ya kwanza. Hajawahi kunisikia nikisema kitu baada ya yeye kumaliza. Akaniita jina langu, Salum, kwa sauti ile aliyokuwa akiniitia nikiwa mtoto nikikaribia barabara.

Nikamwambia hajasemewa na mtu, na kwamba uwakala niliompa kwenye simu nimeurudisha kwangu, na anisamehe. Nikasema mimi ndiye baba yake na nimeikubali posa. Sikusema vizuri. Nilirudia maneno, sauti ikanikatika, na machozi yakaanza kunitoka mbele ya wageni, nikawa nayafuta kwa mkono wa kanzu. Baba mdogo wa Yahya aliangalia zulia. Yule mzee peke yake aliniangalia mimi.

"Unalia mbele za watu, Salum," Kaka alisema.

"Nnalia, Kaka. Na nimekubali."

Hapakuwa na kelele. Kaka aliinuka, akaingia ndani. Aliyetoka chumbani safari hii alikuwa yeye, na wallahi sikuona raha yoyote. Niliona mgongo wa mtu aliyeacha shule kwa ajili yangu. Nikabaki na wageni, nikawakaribisha halwa mara ya pili katika nyumba isiyo yangu, na Bi Zuwena akaleta kahawa mpya bila kuulizwa.

Akdi ya ndoa ilikuwa wiki iliyopita, msikitini hapa Sib. Kaka alikuja. Alichelewa, akakaa karibu na mlango, akaitikia salamu yangu na hakuongeza. Sheikhe alipouliza walii, msimamizi wa binti, ni nani, watu wote waligeuka kumtazama yeye, kwa mazoea. Yeye akatazama mikono yake. Nikasogea mbele nikasema ni mimi, na nikatamka nilivyofundishwa, nikakosea, nikarudia. Nimekuozesha binti yangu Thuraya. Yahya akaitikia haraka mno mpaka watu wakacheka.

Nilipotoka nje nilitafuta uso wako. Sikutafuta kwa akili, macho tu yalizoea. Kila jambo nililowahi kulifanya vizuri kidogo, nimegeuka kuona kama umeliona. Pale uani walikuwepo mashangazi, majirani, watoto wanagombania pipi, Thuraya na hina yake mpaka kwenye viwiko. Nikasimama nikijifanya nasubiri mtu.

Sitaki udhani kuwa nimekuwa simba. Jana mwenye duka amenibadilishia mchele niliotaka kwa mchele aliotaka yeye, na nimeubeba. Kaka bado hajanipigia simu. Kila siku baada ya alasiri nakwenda kwake, nakaa nje kwenye baraza mpaka magharibi, Bi Zuwena ananiletea chai, na yeye hatoki. Nitaendelea kwenda. Kuwepo nimejifunza, basi niwepo na kwake. Inaniuma sana na sijui itakwisha lini.

Lakini nina neno moja juu ya Mfalme Wetu, na hili sikubali unibishie. Miaka yote ulikuwa ukimlaumu, nami nikimtetea kwa hoja mbovu, kwamba ana moyo laini, kwamba amechoka. Sasa nimepata hoja nzuri na wewe hupo kuisikiliza. Yule maskini alikuwa na watu wa kumvisha, wa kumfukizia, wa kumwandikia mashairi, wa kumwamulia. Hakuwa na mtu wa kumwambia ukweli wake kila asubuhi huku akimpenda. Hakukosa moyo, mke wangu. Alikukosa wewe.

Mola ailaze roho yako pema, na akuambie yeye yale ambayo mimi nimechelewa kuyasema. Mwanao anakusalimu. Na mimi nimekula, usiwe na wasiwasi.

Mumeo,
Baba Thuraya